Wiki Tatu Bila Mikono

Mtoto wangu wa kwanza aliomba maziwa kabla hajajua kutamka neno lolote. Alikuwa na miezi tisa, ameketi kwenye mkeka katika nyumba yetu ya vyumba viwili huku mtaa wa Free Area, nami nilikuwa nakoroga uji. Aliinua mkono wa kulia, akakunja vidole, akavikunjua, akavikunja tena, kama mtu anayekama ng'ombe. Ishara hiyo nilikuwa nimemwonyesha kwa miezi mitatu, kila mara kabla ya kumnyonyesha, na kwa miezi mitatu alikuwa akinitazama tu. Siku hiyo alinijibu. Nilizima jiko, uji ukabaki mbichi, nikaketi sakafuni mbele yake nikimrudishia ishara ileile huku machozi yakinitoka. Kisha nikampa alichoomba.

Mimi ni mwalimu wa watoto viziwi. Darasa langu ni chumba kimoja katika shule ya msingi ya kawaida hapa mjini Nakuru. Watoto wengi hunifikia wakiwa na miaka sita au saba bila lugha yoyote, kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua waongee nao vipi. Mtoto kama huyo huja na mambo ya miaka sita yamejaa kifuani, na njia pekee aliyo nayo ya kuyatoa ni kuuma watu na kutupa viatu. Ukishamwona mmoja, huwezi kumtazama mtoto wako mchanga akilia bila kujiuliza anataka kusema nini. Mwanangu anasikia vizuri. Masikio yake yalipimwa. Lakini mkono wa mtoto hutii mapema kuliko ulimi. Niliona hakuna haja ya kumfanya angoje ulimi wakati mikono iko tayari.

Wazazi wakiniuliza namna ya kuanza, huwaambia hivi, na nakuambia wewe pia ikiwa una mtoto mdogo. Usianze na ishara nyingi. Chukua tatu au nne za vitu anavyovipenda: maziwa, zaidi, kwisha, kubebwa. Ifanye ishara pale pale kitu kinapotokea, si baadaye. Fanya uso wako uonekane. Halafu ngoja. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi. Utangoja wiki, utangoja miezi, utajiona mjinga ukimpungia mikono mtu asiye na meno. Siku akijibu, atakosea. Atafanya "zaidi" kwa kidole kimoja badala ya vyote. Mpokee hivyohivyo. Hata wewe ulipoanza kusema, hakuna aliyekungoja utamke sawasawa ndipo akupe maji.

Alipofika mwaka mmoja na miezi minne, mwanangu alikuwa na ishara kama ishirini, na hakuwa na neno hata moja la mdomo. Alipiga kelele, alicheka, aliimba vitu visivyoeleweka, lakini neno, hapana. Mimi sikuwa na wasiwasi. Mama mkwe wangu alikuwa nao.

Inafaa nieleze kwanza jinsi mtoto huyu alivyopata jina. Mume wangu ni Mkipsigis wa upande wa Kuresoi, na kwao ni shambani, mbele ya Keringet. Mimi nilizaliwa Njoro nikaongea Kikikuyu hadi nilipoingia shule. Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alikuja na wanawake wawili wa kwao, wakamzunguka, wakaanza kuita majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, wakingoja apige chafya. Jina ambalo mtoto amelipigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Mtoto alinyamaza kwa majina mengi. Lilipotajwa la baba mkwe, ambaye sikuwahi kumwona kwa sababu alikufa kabla sijaolewa, akapiga chafya mbili mfululizo. Wanawake wakapiga kelele za furaha. Mama mkwe alijifuta macho na leso. Tangu hapo hakumwita mtoto kwa jina la kanisani. Alimwita mzee.

Mwezi wa sita alikuja kwetu kutibiwa goti, akakaa wiki nzima. Siku ya tatu alituona mezani, mimi na mwanangu, tukizungumza kuhusu ndizi. Anataka zaidi, namwambia imekwisha, ananiambia zaidi, namwonyesha ganda.

"Mwalimu," akasema. Ndivyo anavyoniita akiwa na jambo. "Huyu mzee analelewa na lugha ngapi?"

"Ya baba yake, yangu, Kiswahili..."

"Na ya mikono."

"Na ya mikono, Mama."

"Nne. Mtoto ana lugha nne na hasemi hata moja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaanza kumweleza, kwa sababu kueleza ndiyo kazi yangu na ndiyo tabia yangu. Nilimweleza kuhusu mkono na ulimi, kwamba ishara haifungi mdomo, kwamba mtoto anayejibiwa kwa mkono hupata hamu ya kuongea zaidi. Nilitumia mifano ya ndama na mahindi ili ajisikie nyumbani. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono imefumbatwa mapajani, na nilipomaliza akasema, "Sawa, mwalimu. Umeeleza vizuri." Nikadhani nimeshinda.

Mwezi uliofuata mfanyakazi wetu wa nyumbani aliacha kazi. Likizo ya Agosti ilikaribia, na baada yake muhula mpya bila mtu wa kumwachia mtoto. Mume wangu hufanya kazi katika shamba la maua Naivasha, huja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Jumamosi moja alifika, akanywa chai, akazungusha kikombe mezani kwa muda mrefu.

"Mama anasema tumpeleke kijana huko."

"Kutembea?"

"Kukaa. Mpaka aongee." Hakunitazama. "Ni kawaida, bana. Hata mimi nililelewa na gogo wangu." Gogo kwao ni nyanya, mama wa mzazi. "Na sasa hatuna mtu. Utamwacha na nani ukienda shule?"

"Nitatafuta mtu."

"Mama yangu unamjua. Ameshasema."

Tulibishana jioni yote, na mwisho tukatoka na kitu kilichoonekana kama mapatano. Ningeenda na mtoto Keringet kwa wiki tatu za likizo, wakati wa kuvuna viazi. Katika wiki hizo mikono yangu ingepumzika, hayo yalikuwa maneno ya mama mkwe mwenyewe kwenye simu. Mtoto akisema neno moja, lolote, narudi naye. Asiposema, anabaki. Nilikubali kwa sababu niliamini neno liko karibu kutoka. Leo naona vizuri nilichofanya: nilikubali mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne apewe mtihani, na msimamizi wa mtihani awe njaa.

Tulifika ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye paa. Boma la mama mkwe liko kwenye mteremko, na kutoka barabara kubwa hadi pale ni njia ya tope jekundu ambayo wakati wa mvua haipitiki ila na pikapu inayokuja kubeba viazi. Pikapu haiji mpaka magunia yatoshe. Mtandao wa simu unapatikana juu kwenye ua wa jirani, karibu na tangi la maji, na lazima usimame ukiwa umeelekea Molo. Wanawake jikoni wanaongea Kikipsigis, nami nakisikia kama mtu anayesikia redio ya chumba cha pili. Mama mkwe ni mwenyeji mwema. Alinipa kitanda kizuri, alinipa mursik, maziwa ya mgando, ya kibuyu kilichosuguliwa vizuri, aliniuliza kila asubuhi nimelalaje. Lakini jioni ya kwanza nilikwisha kuelewa kwamba sina pa kwenda.

Asubuhi ya pili mtoto aliamka na njaa. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na moto na kikombe cha maziwa ya vuguvugu. Mtoto alimkaribia, akainua mkono, akakunja vidole, akavikunjua.

"Sema chego," akamwambia. Chego ni maziwa.

Mtoto akakunja tena, haraka zaidi. Alidhani hakuonekana.

"Chego. Sema, mzee wangu. Che-go."

Mtoto akanigeukia. Alinifanyia mimi ishara, kwa mikono yote miwili sasa, kwa nguvu, mabega yakipanda. Mikono yangu ilikuwa chini ya leso niliyojitanda. Niliikalia. Ndiyo, niliinama nikaingiza viganja chini ya mapaja nikavikalia, kwa sababu vilikuwa vikienda vyenyewe. Nikasema, "Sema maziwa, baba." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Mtoto alitazama mdomo wangu, akatazama mahali mikono yangu ilipopaswa kuwa, akaanza kulia. Mama mkwe alimpa maziwa. Hakuwa mtu wa kumnyima mtoto chakula mpaka azimie. Lakini alimpa baada ya kilio, na kila asubuhi kilio kilirefushwa kidogo.

Katika mikutano ya wazazi pale shuleni nimewahi kusimama na kusema kwa ukali, "Msishike mikono ya watoto wenu!" Nimewaambia akina baba wazima kwamba kumshika mikono mtoto kiziwi ni kumziba mdomo. Walitazama viatu vyao. Sasa nilikuwa nimeketi jikoni kwa mama mkwe nimeikalia mikono yangu mwenyewe, na hakuna aliyenilazimisha kwa fimbo. Ilitosha kwamba mimi ni mke wa kijana wake, kwamba barabara ni tope, na kwamba nilikuwa nimesema sawa.

Jumapili baada ya kanisa, majirani watatu walikuja kunywa chai, na mtoto akawekwa katikati kama kesi.

"Sema kuku!" akasema wa kwanza, akimshikia kuku mzima mbele ya uso.

Mtoto alimshika kuku mkia.

"Sema gogo! Go-go!"

"Sema Yesu," akasema wa tatu, na wenzake wakamgeukia. "Nini? Si ni neno?"

Mtoto akatoa sauti fulani, "gu" au "ku".

"Amesema kuku! Mmesikia? Amesema kuku!"

Nilimtazama mama mkwe kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu.

"Hiyo ni kubeua," akasema mama mkwe. "Amekunywa chai mingi."

Wakacheka wote. Nami nilicheka. Nilipoinama kuokota vikombe nilikuwa nimeuma midomo.

Kilichofuata sikukitarajia, ingawa ni mimi, kati ya watu wote, niliyepaswa kukitarajia. Siku ya tisa mtoto aliacha. Aliamka, akaenda kwa gogo wake, akatazama kikombe, akalia. Hakuinua mkono. Mchana alitaka kubebwa akavuta sketi yangu na kunung'unika. Jioni aliona mwezi, kitu ambacho tangu ajue ishara alikuwa hakipiti bila kuniambia, akautazama, akainamisha kichwa. Mama mkwe alisema, "Unaona? Ameanza kusahau ule mchezo. Sasa neno litakuja." Neno halikuja. Mtoto alikuwa kimya kila upande.

Siku ya kumi nilianza kuiba. Viazi vikishavunwa hutandazwa gizani ndani ya banda la mbao ili visigeuke kijani, na kazi ya kuvichambua ilikuwa yangu na wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, aliyekuwa nyumbani kutoka chuo. Wifi alipotoka kwenda kuleta magunia, nilimketisha mtoto juu ya rundo, nikatoa mikono chini ya leso. Kiazi, nikamwambia. Kiazi kikubwa. Kiazi kimekwisha. Alinikazia macho kwa muda mrefu sana. Kisha, polepole, kama mtu anayejaribu mlango ambao alishaukuta umefungwa, akakutanisha vidole: zaidi.

"Nilijua."

Wifi alikuwa mlangoni, magunia mabegani. Nilirudisha mikono ndani ya leso, kitendo cha kijinga, kama mtoto wa shule.

"Usimwambie Mama."

"Aki wewe, mwalimu. Nimwambie ili iweje?" Akatupa magunia chini, akaketi. "Lakini nikuulize kitu. Mbona ukifanya hivyo huongei?"

"Vipi?"

"Unafanya mikono tu. Kimya. Unakaa kama TV imezimwa sauti."

Alisema kweli. Darasani kwangu hakuna haja ya sauti. Nimefundisha miaka kumi na moja mdomo ukiwa umefungwa, mikono ikikimbia, na hata nikifikiri peke yangu vidole hucheza. Wazazi wanaosikia huwaambia kila mara: ishara na sauti ziende pamoja, kila mara pamoja, mtoto asikie anachokiona. Nyumbani, peke yangu na mwanangu kila jioni, nilikuwa nimefanya anachofanya mwalimu wa viziwi, si mama wa mtoto anayesikia. Nilikuwa nimempa mikono nikamnyima sauti yangu, wala sikujua. Sijui kama hilo ndilo lililomchelewesha. Watoto wengi huchelewa bila sababu. Lakini mama mkwe alikuwa ameona kitu cha kweli katika nyumba yangu, ingawa alikipa jina lisilo lake.

"Mama anaogopa," akasema wifi. Alikuwa ameanza kuchambua, vikubwa huku, vya mbegu kule. "Hajakuambia kuhusu baba?"

"Aniambie nini kuhusu baba? Najua alikuwa mgonjwa."

"Alipigwa na stroki. Upande wote wa kulia ulikufa, na mdomo. Miaka miwili alikuwa kwenye kile kitanda unacholalia. Hakusema neno moja mpaka akafa. Alikuwa na mkono wa kushoto tu." Akageuza kiazi kutafuta mahali kimeoza. "Sasa fikiria. Mtoto anazaliwa, anapigia chafya jina la nani? La baba. Halafu anakua, anafika mwaka, haongei. Anafanya mikono."

Mwezi wa sita nilikuwa nimemweleza mama yule kuhusu ndama na mahindi. Nilikuwa nimeeleza vizuri sana. Sikuwa nimemuuliza hata swali moja.

Siku tatu zilipita kabla sijapata ujasiri. Ilikuwa saa kumi alasiri, mvua inanyesha, yeye ameketi mlangoni mwa jiko anasugua kibuyu, mtoto amelala mgongoni mwake. Niliketi kwenye kigoda cha pili.

"Mama, mzee wako alikuwa akitaka maji anafanyaje?"

Mkono wake ulisimama ndani ya kibuyu. Nilidhani atanifukuza. Baadaye akautoa, akaupangusa kwenye sketi, akagonga ukuta wa mbao kwa vifundo vya vidole. Mara mbili.

"Maji," akasema.

"Na chai?"

Akagonga mara moja, halafu akasugua ubao kwa kiganja. "Chai. Na hivi..." akaacha kiganja kikilala ubaoni bila kusogea, "hivi ni njoo ukae. Alikuwa anasumbua na hiyo. Nina ng'ombe, nina shamba, yeye anataka nikae."

Akarudisha mkono ndani ya kibuyu.

"Watu waliniambia, usimzoeze mkono, atasahau mdomo. Mchungaji aliniambia. Jirani. Kwa hivyo nilikuwa nashika kikombe, namwambia, sema. Sema chai. Anagonga. Namwambia, sikusikii, sema. Anagonga mpaka jasho linamtoka." Hakuwa akinitazama, alikuwa akiongea na ua. "Siku moja akaacha kugonga. Nikafurahi, nikasema sasa mdomo utafunguka. Haukufunguka. Alikaa miezi saba hivyo. Ukimpa chai anakunywa. Usipompa, hakuna shida. Sikujua tena anataka nini."

Mtoto alijigeuza mgongoni mwake. Alimtikisa kidogo, bila kufikiri, kama wanavyofanya wanawake.

"Na huyu ameacha," akasema. "Siku nne sasa. Nimeona."

Hapo palikuwa mahali pangu pa kueleza. Maneno yote yalikuwa tayari, yamepangwa, na yalikuwa ya kweli. Sikusema hata moja. Nilichukua kibuyu kutoka mikononi mwake nikamalizia kusugua, vibaya, na hakunikosoa.

Ningependa kuandika kwamba jambo lilimalizika pale. Halikumalizika. Alibaki na hofu yake kama ilivyokuwa, labda zaidi, kwa kuwa sasa ilikuwa imesemwa kwa sauti. Kesho yake alimkazania mtoto "chego" kwa upole mpya uliokuwa mgumu kuvumilia kuliko ukali. Nilipanda hadi kwenye tangi la jirani nikampigia mume wangu. Upepo ulikuwa unakata sauti yake.

"Muache tu mwezi mmoja," alisema. "Mama atafurahi, wewe utapumzika. Mwezi si kitu."

"Kwake ni kitu."

"Kwa mama?"

"Kwa mtoto. Mwezi ni maisha yake yote." Mtandao ukapotea. Sijui alisikia nini.

Wiki tatu zilifika. Hakuna neno. Pikapu ilikuja asubuhi ya Ijumaa, magurudumu yamefungwa minyororo, dereva akipiga honi tangu kwenye kona. Vijana wakaanza kupakia magunia. Nilikuwa nimefunga begi langu na la mtoto, yote mawili, na kuyaweka barazani pamoja, na kila aliyepita aliyatazama. Mama mkwe alikuwa amemfunga mtoto mgongoni tangu alfajiri. Alimpa dereva chai akiwa naye mgongoni, alihesabu magunia akiwa naye mgongoni. Fundo la leso lilikuwa kifuani pake, limekazwa mara mbili.

"Mathe, twende," dereva akaniambia. "Hii mvua itatufungia hapa."

Nilisimama mbele ya mama mkwe. Wifi alikuwa nyuma yake amejifanya anafagia.

"Mama, naenda na mtoto wangu."

"Hajasema."

"Hajasema," nikakubali. "Naenda naye."

Nilingoja maneno mengine yatoke mdomoni mwangu, sababu, mifano, ahadi. Hayakuja, au niliyazuia. Siwezi kusema ni lipi. Tulisimama hivyo hadi dereva akapiga honi tena. Sijawahi katika maisha yangu kumkatalia mtu mzima bila kumpa sababu. Nilijua akisema hapana, sitamvua mtoto mgongoni kwa nguvu. Nilijua nitapanda gari peke yangu.

Alitazama mabegi mawili. Akatazama mteremko. Kisha akaanza kufungua fundo, na kwa sababu alikuwa amelikaza mara mbili, vidole vyake vilimshinda, ikabidi wifi aache ufagio aje amsaidie.

"Uongee naye," akaniambia akinikabidhi. "Mdomo na huo mkono. Yote. Usimkalie kimya."

"Ndiyo, Mama."

"Na kila Jumapili unipigie. Nitapanda kwa tangi. Nataka nimsikie. Hata akilia."

Tuliporudi Nakuru nikampata dada mwema wa kumwangalia mtoto, nikamfundisha ishara zote ishirini kwa wiki moja, na nikajifundisha mwenyewe kitu kilichokuwa kigumu zaidi: kufungua mdomo. Nilibandika karatasi juu ya sinki imeandikwa SAUTI. Ishara za mtoto hazikurudi mara moja. "Zaidi" ilirudi kwanza, "kubebwa" mwisho. Maneno yalianza karibu na Pasaka, yakaja mawili, kisha kumi, na siku hizi tunamwomba apumzike. Ukiwa na mtoto anayechelewa, mpeleke apimwe masikio, ongea naye, na usiache mkono wake uzoee kutojibiwa. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Lakini kati ya Agosti na Pasaka kulikuwa na Jumapili nyingi. Kila Jumapili saa tisa nilipiga simu, nikaweka spika, na mama mkwe, amesimama kwenye baridi ya tangi, akaanza kuita: "Mzee! Mzee wangu!" Nami nikashika simu mbele ya mdomo wa mtoto, na mtoto akakaa kimya, na tukasikia upepo wa Keringet ukipuliza ndani ya nyumba yetu. Kila Jumapili nilihisi nimerudi jikoni kule. Baada ya dakika mbili alikuwa akisema, "Haya," na kukata.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi mtoto aliisikia ile sauti, akaitazama simu, akaitazama nyuma yake, akatazama mlangoni. Akafungua viganja vyote viwili, akavipeleka huku na huku.

"Amesema kitu?" mama mkwe akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

"Anasema, Mama. Kwa mkono."

Upepo. Nilijiandaa kusikia simu ikikatwa.

"Anasema nini?"

"Anauliza uko wapi."

Nilitazama kioo cha simu nione kama bado yupo. Nilisikia akikohoa, akimwambia mtu mwingine jambo fulani kwa Kikipsigis, kisha sauti ikarudi karibu sana na simu.

"Mwambie niko kwa tangi ya jirani," akasema. "Mwambie nimesimama kwa baridi kwa sababu yake."

Ilinibidi niweke simu chini kwenye mkeka, ili mikono yote miwili iwe huru, nikaanza kumwambia.